Sadini za kopo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara dukani Mwanjelwa

Nina duka la vyakula Mwanjelwa, Mbeya. Rafu ya samaki wa kopo iko nyuma ya mgongo wangu, kwa hiyo kila anayetaka kopo lazima aniulize kwanza. Maswali ni yale yale, anayeuliza awe mama wa Uyole, dereva wa lori la Tunduma au mwanafunzi anayerudi bweni Iringa. Ukikuta jibu linakutuma kwenye swali jingine, nenda huko, sitarudia.

## Kilichomo ndani ya kopo

Sadini ni samaki gani hasa?

Sadini si samaki mmoja. Ni jina la jumla la samaki wadogo wa baharini wanaotembea kwa makundi makubwa karibu na uso wa maji. Kanuni za kimataifa za chakula, zile za Codex, zinaruhusu aina zaidi ya 20 za samaki kufungwa kwenye kopo kwa jina hilo. Ila sadini tupu, bila neno jingine mbele wala nyuma, ni jina la aina moja tu: *Sardina pilchardus*, anayevuliwa Moroko, Ureno, Uhispania na majirani zao. Wengine wote sharti waandikwe pamoja na nchi, eneo au jina la aina yao.

Watu wamegombania jina hili mpaka kwenye baraza la kimataifa. Mwaka 1989 Ulaya iliweka sheria kwamba hakuna samaki mwingine wa kuitwa sadini katika masoko yake. Peru, yenye samaki wake *Sardinops sagax*, ikalalamika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2002 ikashinda. Mteja akiniambia "sadini ni sadini tu, nipe yoyote", huwa namjibu kwamba serikali za watu zimeshtakiana kwa neno hilo.

Kopo limeandikwa "pilchards". Ni sadini au si sadini?

Ni sadini. Neno hilo utaliona zaidi kwenye makopo ya kusini mwa Afrika, na samaki wake ni huyo huyo *Sardinops sagax* wa pwani za Afrika Kusini na Namibia. Ni mkubwa kuliko wa Moroko, kwa hiyo hukatwa kichwa na mkia, wakati mwingine na kiwiliwili vipande viwili, na karibu kila mara huja na nyanya. Namibia ilisimamisha uvuvi wake mwaka 2018 kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno.

Lile kopo refu la gramu 425 ni sadini kubwa?

Soma karatasi yake. Mara nyingi limeandikwa "mackerel", na huyo ni wa ukoo wa vibua, ambao ni ukoo mmoja na jodari. Si sadini. Nyama yake ni nene na kavu zaidi, na mfupa wa mgongo ni mkubwa. Hakuna aliyekudanganya, jina liko pale mbele kwa herufi kubwa. Ni sisi tumezoea kuita kila kitu "samaki wa kopo" halafu tunashangaa mbona leo ladha imebadilika.

Dagaa wetu nao si sadini?

Swali hili nalipenda. Dagaa wa Kigoma, wale wa Ziwa Tanganyika, ni ukoo mmoja na sadini kabisa, ingawa wanaishi kwenye maji baridi ya ziwa. Usipa wa Ziwa Nyasa anayepanda huku kutoka Kyela, pamoja na dagaa wa Mwanza, wanafanana nao kwa umbo tu. Usipa kiukoo yuko karibu na mbasa, samaki mwingine wa Ziwa Nyasa, kuliko sadini. Ukiwaweka mkononi wote wamekauka, huwezi kuwatenganisha kwa haraka.

Na tahadhari ya lugha: ukienda sokoni ukasema "naomba dagaa kopo moja", utapimiwa dagaa wakavu kwa kopo la kupimia. Sema samaki wa kopo.

## Mafuta, nyanya au maji

Tofauti ya sadini za mafuta na za nyanya ni nini, mbali na rangi?

Kwanza mwili wa samaki. Kwenye mafuta samaki hubaki mgumu kidogo, unamnyanyua mzima kwa uma bila kuvunjika. Nyanya ina asidi, na asidi hulainisha, kwa hiyo samaki wa nyanya huwa laini na hupasuka ukimgusa. Ndiyo maana wa nyanya anafaa kupikwa na wa mafuta anafaa kuliwa vile vile alivyo.

Pili, ladha ya samaki mwenyewe. Mafuta hayamfichi. Samaki aliyefungwa akiwa si mzuri sana utamjua kwenye mafuta, lakini kwenye nyanya, hasa yenye pilipili, anaweza kukupita. Sisemi kila kopo la nyanya linaficha kitu. Nasema tu kwamba nikitaka kujua kiwanda kinafanya kazi vizuri, nafungua kopo lao la mafuta kwanza.

Tatu, unachopata. Rojo la nyanya linachukua nafasi kubwa, na wakati mwingine ni jepesi kama chai. Tazama hesabu kwenye swali la bei hapo chini.

Kwa ugali nichukue ipi?

Nyanya. Kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, weka nyanya mbichi moja na karoti ukipenda, kisha mimina kopo zima mwishoni na uache lichemke dakika tatu tu. Ukikoroga sana utapata uji wa samaki. Kwa wali wa mchele wa Kyela, au mkate, au viazi vya kuchemsha vya Njombe, mimi nachukua ya mafuta na kukamulia limau juu. Ndizi za Tukuyu zinakubali zote mbili, ila watu wa Rungwe wana maoni yao na mimi siingilii.

Mafuta ya zeituni na mafuta ya kawaida yana tofauti ya kulipia?

Kwa ladha, ndiyo, kama unakula bila kupika. Kama utaichemsha na vitunguu na binzari, hela yako imepotea, nunua ya soya au alizeti. Sadini nzuri za mafuta ya zeituni pia hukaa vizuri kwa miaka, na Wafaransa na Wareno wapo wanaoziweka makusudi na kuzigeuza geuza ili mafuta yaingie kwenye nyama.

Mwezi wa saba, baridi ya huku ikipiga, nafungua kopo asubuhi na kukuta mafuta yameganda kama siagi laini. Mteja mmoja wa Makete alinirudishia akidhani nimemuuzia mafuta ya nyama. Mafuta ya zeituni huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, na alizeti haigandi kwa baridi yetu. Liweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu kidogo, yatayeyuka.

Za maji ya chumvi zina faida gani?

Zina kalori chache kuliko za mafuta, kwa hiyo anayepunguza uzito huziulizia. Ukimwaga maji humwagi mafuta mengi ya samaki, wakati ukimwaga mafuta ya kopo unamwaga na sehemu ya mafuta mazuri ya samaki yaliyoingia humo. Lakini ladha yake imepooza. Zinanichelewea dukani, ukweli ni huo.

Mafuta ya kwenye kopo niyamwage?

Usiyamwage! Ndiyo ya kukaangia kitunguu.

## Bei na uzito

Kopo gani lina samaki wengi kwa hela kidogo?

Hapa ndipo watu wanapopoteza. Kwenye kopo kuna uzito wa namna mbili. Uzito wa jumla ni samaki pamoja na mafuta au mchuzi. Uzito wa pili, ulioandikwa "drained weight", ni samaki peke yake baada ya kuchuja. Wa pili ndio unaonunua.

Makopo mengi ya bapa ya gramu 125 yana samaki wa gramu 90 hivi. Ya duara ya nyanya ya gramu 155 yana kama gramu 93. Yale marefu ya 425 yanategemea kiwanda, yapo ya 235 na yapo ya 255. Tuseme, kwa mfano tu, bapa la mafuta ni shilingi 3,500, la duara 2,500 na refu lenye samaki wa 255 ni 6,000. Gawa bei kwa gramu za samaki. Bapa linakupa gramu kwa karibu shilingi 39, la duara 27, na refu chini ya 24. Bei zako zitakuwa tofauti, lakini hesabu ni hiyo hiyo, na simu yako ina kikokotoo.

Kama kopo halikuandikwa uzito wa samaki, litikise karibu na sikio. Likisikika kama chupa ya maji iliyofika nusu, jua unanunua mchuzi. Si kipimo cha maabara, ila mimi kimenifaa.

Kwa nini za Moroko huwa ghali kuliko nyingine za ukubwa ule ule?

Si zote. Lakini kopo la bapa linahitaji samaki wadogo wa saizi moja, na kwa sehemu kubwa hupangwa kwa mkono, mmoja mmoja, tumbo juu. Viwanda vya Safi na Agadir vinajulikana kwa kazi hiyo. Ukifungua na kukuta wamelala sawasawa kama viberiti, ngozi haijachubuka, hapo umeona hela ilipokwenda. Kopo la duara hujazwa kwa vipande na mchuzi humiminwa juu.

Msimbo wa mistari unaonyesha samaki ametoka wapi?

Hapana. Namba za mwanzo, kama 611 ya Moroko au 600 ya Afrika Kusini, zinaonyesha msimbo umesajiliwa wapi. Samaki anaweza kuvuliwa bahari moja, akafungwa nchi nyingine na kuuzwa kwa jina la kampuni ya nchi ya tatu. Tafuta maandishi yanayosema bidhaa imetengenezwa wapi, na jina la aina ya samaki kama lipo. Pia hakikisha ina tarehe na jina la mtengenezaji. Siku hizi usajili wa vyakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, baada ya kazi hiyo kuondolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019.

## Usalama

Kopo lililobonyea linaliwa?

Inategemea limebonyea wapi. Bonde la duara, laini, katikati ya ubavu, ambalo halijakunja bati kwa ncha kali, kwa kawaida halina shida. Likibonyea kwenye ukingo ule wa kushonea mfuniko, au bati limekunjika kama karatasi, acha. Hapo panaweza kuwa na tundu usiloliona, na tundu hilo ndilo mlango wa vijidudu.

Makopo yanakuja huku kwa lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 na matuta yote ya njiani. Mwaka wa kwanza wa duka niliuziwa katoni kumi kwa bei ya kutupa na mtu wa jumla. Juu zilikuwa safi. Chini, safu nzima ilikuwa imegongwa kwenye ukingo, na makopo manne yalikuwa yameshaanza kuvuja mafuta ndani ya katoni. Nilitupa zaidi ya nusu. Sasa nafungua katoni na kuangalia chini kabla sijatoa hela, hata kama mwenye mali ananuna.

Kopo limevimba. Si kwa sababu tuko juu?

Najua wazo hili linatoka wapi. Pakiti ya krispi ikipanda kutoka Dar inafika Mbeya imejaa kama puto, kwa sababu kwenye mita 1,700 hivi hewa ya nje ina msukumo mdogo, kama sehemu nne kati ya tano za ule wa pwani. Lakini kopo la samaki halifungwi likiwa limejaa hewa. Hufungwa kwa namna ya kuacha ombwe ndani. Ndiyo maana mfuniko wake huingia ndani kidogo.

Kopo lililovimba lichukulie kuwa limeharibika. Usilionje, usilifungue ili "kuangalia tu", usimpe mbwa. Botulizimu, sumu ya vijidudu inayoweza kuua, si lazima inuke.

Tarehe ikipita kwa wiki moja?

Mimi siuzi, basi. Nyumbani kwako, kopo zima lisilo na kutu wala kasoro haligeuki sumu usiku wa manane wa tarehe hiyo. Lakini likiwa na dalili yoyote ya lile la kubonyea au la kuvimba, tarehe haina la kukusaidia hata kama bado miaka miwili.

Nimekuta vipande kama vioo ndani ya samaki!

Hili lilinitia jasho. Mama mmoja alikuja na kopo limefunikwa kwa kitambaa, akaliweka juu ya kaunta mbele ya wateja, akasema, "Mwanangu, umenilisha chupa." Nikachungulia: punje tatu, zinang'aa, kubwa kama chumvi ya mawe. Nikamwomba kiti akae. Tukapasha siki kwenye kikombe, tukatumbukiza punje moja, tukasubiri tukiongea habari za mvua. Ikaanza kupungua kingo, kisha ikayeyuka.

Inaitwa struvaiti. Ni chumvi inayojitengeneza yenyewe kutokana na madini yaliyomo kwenye nyama ya samaki, kopo likikaa. Haina madhara. Kioo hakiyeyuki kwenye siki ya moto, na hicho ndicho kipimo. Kisipoyeyuka, usile, rudisha kopo pamoja na hicho ulichokuta. Madoa meusi kwenye bati kwa ndani nayo mara nyingi hutokana na salfa ya protini kukutana na bati, lakini kutu ni jambo jingine.

Naweza kulipasha moto likiwa limefungwa?

Hapana. Nimeona madereva wakiliweka juu ya injini pale Igawa wakati wa kupumzika. Siku likipasuka, mafuta ya moto yatakuja usoni. Fungua, mimina kwenye sufuria.

Lililobaki nilihifadhije?

Hamishia kwenye chombo chenye mfuniko, weka kwenye friji, malizia ndani ya siku mbili. Kama huna friji nunua kopo dogo, hata kama hesabu ya swali la bei inasema refu ni rahisi. Rahisi unayoitupa si rahisi.

Naweza kufunga samaki wangu mwenyewe kwenye makopo nyumbani?

Kuna vijana wa Kyela waliniuliza wakitaka kufunga usipa. Kiwandani kopo likishafungwa hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, mpaka nyuzi 115 hadi 121, ili kuua mbegu za kile kijidudu cha botulizimu. Sufuria ya kawaida pwani huishia nyuzi 100. Hapa Mbeya maji huchemka kwenye 94 hivi. Hata ukichemsha siku nzima hufiki. Bila mtambo wa shinikizo na mtu anayejua kuupima, kausheni usipa wenu kama kawaida, ila juu ya chanja, si mchangani.

## Afya na hali za pekee

Miba yake inaliwa?

Ndiyo, na ni hasara kuitoa. Ule mvuke wa kiwandani huilainisha mpaka inasagika kwa ulimi. Gramu 100 za sadini za mafuta zilizochujwa, pamoja na miba, zina protini kama gramu 25 na kalisi karibu miligramu 380. Zile zisizo na ngozi wala miba ni ghali zaidi na kalisi nyingi imebaki kiwandani. Wa ukoo wa vibua, mtoe mfupa wa mgongo ukiona bado una ncha.

Mjamzito anaruhusiwa?

Sadini ni kati ya samaki wenye zebaki kidogo sana, kwa kuwa ni wadogo na hawaishi muda mrefu. Jodari wa kopo ana zaidi. Kwa mtoto aliyeanza kula, chuja, ponda vizuri, na chagua isiyo na pilipili na yenye chumvi kidogo.

Nina presha. Chumvi je?

Tafuta neno "sodium" na uzidishe mara 2.5 upate chumvi. Kopo lenye miligramu 400 kwa kila gramu 100 lina chumvi gramu moja kwa kiasi hicho, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Basi usiongeze chumvi wala kiungo cha pakiti kwenye mchuzi wake.

Nina gauti, au natumia dawa za TB. Kuna shida?

Kwa gauti, yaani jongo, sadini ni miongoni mwa vyakula vinavyopandisha asidi ya yuriki, kwa hiyo punguza au acha kama ulivyoelekezwa.

La TB wengi hawalijui. Dawa ya isoniazidi huzuia mwili kuvunja histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na samaki wa jamii ya jodari na sadini wanaweza kuwa nayo, hasa wakichelewa kuwekwa kwenye baridi baada ya kuvuliwa. Mtu anaweza kuwa mwekundu usoni, kichwa kikampiga, moyo ukaenda mbio, akadhani ni dawa peke yake. Kupika hakuondoi histamini. Usiache dawa. Muulize mhudumu wa kliniki kwanza kuhusu samaki huyu, na kwa sasa nikuuzie maharage.

Paka wangu anakula za nyanya?

Atakula, tatizo ni kitunguu na chumvi vilivyomo, na kitunguu ni sumu kwa paka. Mpe kipande kimoja cha zile za maji zinazonichelewea.